Rangi ya Kisima: Upimaji wa Aseniki Majini na Udongoni

Aseniki iliyoyeyuka majini haina rangi, ladha wala harufu. Je, hutambuliwaje? Nchini Bangladesh, ambako visima vya pampu vilienea tangu miaka ya 1970 ili kuwaepusha watu na maradhi ya maji ya madimbwi, mpimaji hutia maji chupani, akaongeza asidi na unga wa zinki. Aseniki hugeuka gesi (nayo ni sumu kali). Gesi hiyo huigusa karatasi iliyotiwa bromidi ya zebaki, ikawa ya manjano au hudhurungi, kwa kadiri ya sumu iliyomo. Udongo sharti utolewe sumu hiyo kwa asidi kwanza, kazi ambayo aghalabu hufanywa maabarani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 karibu visima milioni 5 vilipimwa. Vilivyozidi mikrogramu 50 kwa lita vilipakwa rangi nyekundu, vinginevyo, kijani. Hapa mwanasemantiki na atege sikio: Shirika la Afya Duniani limependekeza mikrogramu 10 tangu 1993. Kisima chenye 40, basi, ni cha kijani kwa sheria ya nchi, ilhali kimezidi pendekezo hilo mara nne. Mchota maji huiona rangi tu. Kiwango hakikuandikwa kwenye pampu.