Nywele za Kipilipili Ndani ya Kompyuta

Watu wa kidijitali tunaowaona kwenye filamu na michezo ya kompyuta wamefika mbali. Ngozi yao ina vinyweleo na jasho, macho yao yana unyevu. Lakini mara nyingi mtazamaji akihisi kuna kitu hakijakaa sawa, kasoro iko kichwani. Mtu mzima ana nywele zipatazo 100,000 kichwani, kila mmoja ukiwa na unene ambao kwa kawaida hauzidi sehemu moja ya kumi ya milimita, na zote zinagusana, zinatiliana kivuli na kurushiana mwanga. Hakuna anayeweza kukaa akazichora zote.

Ndani ya programu kama Blender au Maya, tunaotesha kwanza nywele mia kadhaa tu, ambazo nitaziita nywele elekezi. Hizo ndizo tunazozichana, kuzipunguza na kuzilaza kwa mkono. Nyingine zote kompyuta huzijaza yenyewe kwa kutafuta wastani: unywele ulioota katikati ya elekezi tatu hupita njia iliyo kati ya njia zao. Baadaye tunazikusanya nywele ziwe vishungi, tunatofautisha urefu, tunaziachia chache zikimbie mpangilio. Bila hizo zinazokimbia, kichwa huonekana kama kimevalishwa wigi la plastiki.

Wanaoanza kazi hii hukimbilia mtindo, nami nawasihi waanze na ngozi ya kichwa, kwa sababu mahali nywele zinapoanzia ndipo uongo unapoonekana haraka. Chunguza panja la mtu yeyote aliye karibu nawe. Hutaona mpaka uliokatwa kwa wembe, labda awe ametoka kwa kinyozi. Utaona malaika: vinyweleo vifupi, vyembamba, vya rangi hafifu, vimelala huku na kule, kisha kidogo kidogo nywele zinaongezeka unene na msongamano kadiri unavyoelekea ndani. Mimi huwatengea malaika tabaka lao peke yao, lenye unene na urefu wake, na sianzi kitu kingine mpaka tabaka hilo limekaa vizuri.

Baada ya umbo huja mwanga. Mwaka 1989 James Kajiya na Timothy Kay walionyesha dubu wa kuchezea aliyetengenezwa kwa kompyuta, na njia yao ya kukadiria mng'ao wa manyoya ilitumika kwa miaka mingi. Mwaka 2003 Stephen Marschner na wenzake wakaenda ndani zaidi, wakapima jinsi mwanga unavyotawanywa na unywele halisi wa binadamu. Unywele hupitisha mwanga. Sehemu ya mwanga hudunda juu ya ganda, ikatoa mng'ao mweupe. Sehemu hupenya na kutokea upande wa pili, ndiyo maana mtu akisimama mbele ya jua la jioni kingo za nywele zake zinawaka. Nyingine huingia, hugonga ukuta wa ndani na kurudi ikiwa imeshachukua rangi ya unywele. Kwa kuwa magamba yanayofunika unywele yameinama digrii chache kuelekea ncha, ule mng'ao mweupe na huu wa rangi haviangukii mahali pamoja. Ukiviweka pamoja, nywele hufa.

Kuhusu rangi nitasema moja tu: usichague nyeusi kabisa. Programu nyingi sasa hukuruhusu kutaja kiasi cha melanini, yaani rangi asilia ya unywele, na hata nywele zetu nyeusi, jua likizipiga kwa nyuma, hutoa wekundu wa kahawia kwenye ncha.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Zana hizi zilikuzwa kwa nywele zilizonyooka. Hata Pixar, walipotengeneza filamu ya Brave ya mwaka 2012, iliwabidi waandike programu mpya ya kuendesha mwendo wa nywele kwa ajili ya mhusika mkuu, Merida, na hizo zilikuwa nywele za misokoto mikubwa tu. Nywele za kipilipili ni habari nyingine, na tatizo linaanzia kwenye ule wastani. Chukua nywele elekezi mbili zilizojisokota kama springi, moja ikiwa imepinda kushoto pale ambapo nyingine imepinda kulia. Wastani wake ni mstari karibu ulionyooka. Kompyuta inaufuta msokoto palepale inapodhani inausambaza. Dawa yake ni kuziacha elekezi zipite katikati ya msokoto bila kujipinda, halafu msokoto uongezwe mwishoni, kishungi kwa kishungi, kila kimoja na mwanzo wake.

Theodore Kim wa Chuo Kikuu cha Yale, ambaye aliwahi kufanya kazi Pixar, amelilalamikia hadharani pengo hilo kati ya nywele zilizonyooka na za kipilipili. Yeye, msanii A.M. Darke na wenzao walichapisha mwaka 2024 utafiti unaoeleza mambo ambayo msusi yeyote ameyaona kwa macho: karibu na ngozi nywele hizi huwa tungamo moja lisilogawanyika, na mbali kidogo ndipo zinapojipanga kuwa misokoto, msokoto mmoja unaweza kugeuza mwelekeo wake ghafla, na kuna nywele zinazoruka nje ya msokoto ambamo wenzao wamo. Darke pia ameanzisha hazina ya wazi ya maumbo ya nywele za watu Weusi. Blender nayo, katika toleo la 4.0 la mwaka 2023, iliingiza hesabu ya mwanga inayokubali unywele wenye mkato wa umbo la yai. Kwetu hilo ni jambo kubwa, maana nywele za kipilipili zina mkato bapa, na zinapojisokota mng'ao wake hukatika vipandevipande badala ya kuwa utepe mmoja kuzunguka kichwa.

Ukifika kwenye mistari ya kusukwa, huna budi kufanya mwenyewe. Chukua mtindo wa twende kilioni. Kila msuko una njia upande huu na upande ule, na nywele za pande zote mbili zinavutwa kuingia ndani yake kwa zamu, kwa jinsi msusi alivyookota. Kwa hiyo elekezi zangu huanzia kwenye ngozi, zinalala zikiwa zimekazwa, zinapanda ubavuni mwa msuko na kupotelea chini ya pindi linalofuata. Karibu na njia ngozi huwa imevutwa ikainuka kidogo, nayo inang'aa mafuta. Uking'arisha nywele ukaiacha ngozi kavu, msuko huonekana umegundishwa juu ya kichwa. Siku chache baada ya kusukwa malaika huanza kufumuka pembeni, kwa hiyo amua mapema mhusika wako amesukwa lini.

Picha za mtandaoni hazitoshi kwa kazi hii, kwa kuwa nyingi huonyesha mtindo uliokwisha. Kaa saluni tangu msusi anapochora njia ya kwanza kwa mkia wa kitana, uombe ruhusa ya kupiga picha kila hatua, na upige kutoka kisogoni pia. Mafaili ya nywele yaliyotengenezwa tayari mara nyingi huwa yamesahau kisogo.