Ngoro, Ngazi na Fanya Juu: Udongo wa Mlimani na Wanaoulima

Katika mashamba mengi ya mlimani, tabaka la udongo linalolisha mazao halizidi sana kina kinachofikiwa na jembe la mkono, yaani sentimita 20 hadi 30, na chini yake mkulima hukutana na udongo mgumu usio na mboji. Mboji ni masalia ya mimea na wadudu yaliyokwisha kuoza. Ndiyo inayoufanya udongo ushikamane katika vibonge vidogo, unywe maji na kuyatunza, na ndiyo inayotangulia kuondoka mvua inapoikuta ardhi ikiwa wazi. Tone kubwa la mvua hutua kwa kasi ya takriban meta 9 kwa sekunde, likavivunja vibonge hivyo, na chembe laini zinazotawanyika huziba vinyweleo vya udongo, hivyo maji yaliyopaswa kuzama huanza kutiririka. Hapo ndipo mmomonyoko unapoanzia. Kwanza huchukuliwa utando mwembamba ambao jicho halitambui kuwa umeondoka, kisha hukatika vijifereji, na mwishowe makorongo.

Korongo ndilo hupigwa picha, lakini madhara makubwa ya polepole hutokana na utando. Milimita moja tu ya udongo ikiondoka katika hekta moja ni sawa na meta 10 za ujazo, zenye uzito upatao tani 12 au 13, mzigo wa lori zima, na bado mwenye shamba hataona kitu isipokuwa kwamba maharage ya mwaka huu yana rangi ya manjano na mbolea ya dukani inahitajika zaidi kuliko mwaka jana. Njia zote za kuhifadhi udongo, ziwe za kale au za kitaalamu, hulenga mambo mawili: kuifunika ardhi ili tone lisiipige moja kwa moja, na kuufupisha mteremko ili maji yasipate nafasi ya kushika kasi. Elimu hiyo si ngumu, na mahali ambapo hifadhi imeshindwa, sababu yake mara chache imekuwa ujinga wa mkulima.

Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, ni ushahidi mzuri. Katika karne ya 19 mashambulizi ya Wangoni yaliwafanya wengi wao wajibane katika miinuko mikali, ambako ardhi ilikuwa finyu na haikuwezekana kuhama kila baada ya misimu michache kwenda kufyeka msitu mpya. Huko kikastawi kilimo cha ngoro, yaani mashimo yanayotapakaa mteremko mzima mfano wa vyumba vya sega la nyuki. Kazi huanza mnamo Machi, masika yakielekea ukingoni. Wanaume hufyeka majani yaliyoota katika shamba lililopumzishwa, na majani hayo huachwa yakauke kwa siku kadhaa, kisha hulazwa kwa mistari inayokatana, mingine ikishuka mteremko na mingine ikiukingama, mpaka shamba lote ligawanyike katika miraba yenye upana wa takriban meta moja na nusu hadi mbili. Baada ya hapo wanawake huingia na majembe, wakachimba udongo katikati ya kila mraba na kuutupa juu ya majani pande zote nne, hivi kwamba majani huzikwa ndani ya tuta na katikati hubaki shimo. Maharage hupandwa juu ya matuta na kuvunwa kiangazi, na mvua zinaporudi mwishoni mwa mwaka hufuata mahindi, huku magugu yanayopaliliwa yakitupwa shimoni yakaoze. Mzunguko huo huchukua miaka miwili, na unapoanza upya, mashimo huchimbwa pale matuta ya zamani yalipokutana, ili kilichooza chini yake kifukuliwe na kusambazwa.

Katika shamba la namna hii hakuna tone linalosafiri mbali. Udongo unaoporomoka kutoka kwenye tuta huangukia shimoni, hatua isiyofika hata moja, na katika uchimbaji unaofuata hurudishwa juu, wakati maji yaliyotuama shimoni huzama taratibu na kuyafaa mazao mvua zinapokatika mapema. Uhodari huo umewavuta watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wenzao wa Japani, na sifa walizoutolea ni za haki, ingawa masimulizi mengi kuhusu ngoro hupita haraka mno juu ya mgongo wa mwanamke anayeyachimba mashimo hayo. Kwa miraba ya meta mbili kwa mbili, ekari moja ina mashimo yapatayo 1,000, na kila moja huchimbwa kwa mkono. Hata hivyo, kinachoonekana kama kazi ya hifadhi hapo ndicho kilimo chenyewe: kuchimba ngoro ni kuandaa shamba la maharage, nayo maharage hufika jikoni msimu huohuo.

Matuta ya ngazi yaliyoamriwa na serikali ya kikoloni ya Uingereza katika milima ya Uluguru, Morogoro, hayakuwa na malipo hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walitakiwa kuukata mteremko uwe vipandio bapa, na aliyekataa aliadhibiwa. Kwa hesabu za maji mpango huo ulikuwa sahihi, lakini katika udongo mwembamba wa Uluguru ukataji wa vipandio uliufukia ule wenye rutuba na kuuleta juu wa chini usiootesha kitu, kwa hiyo jasho la kulazimishwa likazaa mavuno haba. Mwaka 1955 vurugu zililipuka Matombo, polisi wakaua mtu mmoja, na mpango ukaachwa. Chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, hakikuhitaji hoja nyingine ya kuwaeleza Waluguru ubaya wa kutawaliwa.

Machakos, nchini Kenya, nako amri za kikoloni zilichukiwa, lakini wakulima walichagua njia moja na kuiendeleza wenyewe. Njia hiyo huitwa fanya juu, na jina lake ni maelezo tosha: mtaro wenye upana na kina cha sentimita zipatazo 60 huchimbwa kuukingama mteremko, na udongo wake hutupwa upande wa juu kuwa tuta, ambalo hupandwa majani ya tembo ili lishikamane na ng'ombe apate malisho. Mvua kwa mvua, udongo unaoteremka hujikusanya nyuma ya tuta, na baada ya miaka kadhaa kipandio hujitengeneza chenyewe bila udongo wa chini kufukuliwa. Mstari wa mtaro hupimwa kwa fremu ya A, yaani fito tatu zilizofungwa kwa umbo la herufi hiyo na uzi wenye jiwe ukining'inia kutoka kileleni. Uzi ukigusa alama ya katikati ya fito ya kulala, miguu miwili iko usawa mmoja. Uchimbaji ulifanywa sana na vikundi vya mwethya, ushirika wa Wakamba wa kusaidiana kazi, ambao wengi wa wanachama wake walikuwa wanawake. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika utafiti wao wa mwaka 1994, walionyesha kwamba idadi ya watu wa Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na bado mmomonyoko ulipungua. Wapo waliojibu, na kwa haki, kwamba si kila wilaya iko jirani na soko la Nairobi wala si kila kaya ina mtu anayetuma mshahara nyumbani.

Jambo linalotajwa kwa nadra zaidi ni umiliki. Mtaro wa fanya juu hulipa kwa miaka mingi, na kwa anayekodi shamba kwa msimu mmoja kuuchimba ni kumpa zawadi mwenye shamba, ambaye mwakani anaweza kulichukua au kupandisha kodi kwa kuwa shamba limenona. Hivyo afisa ugani akifika na fremu yake ya A hukuta mistari ya mahindi ikishuka mlima moja kwa moja, na pembeni yake mkulima anayejua vizuri kabisa kwamba ilipaswa kuukingama.