Kwa Nini Chuo Kikuu Kinamiliki Msitu



Katika ziara za kufuatilia miradi ya upandaji miti na hifadhi ya vyanzo vya maji, swali moja hutujia karibu kila tunakokwenda: “Mnatuambia kipande kile cha msitu wa asili tusikiguse. Sasa kinatusaidia nini kikikaa bure?” Ni swali la haki. Ardhi ya milimani ni ndogo, familia zinaongezeka, na ekari moja ya mboga, chai au mbao ni ada ya mtoto shuleni. Katika makala haya tunajaribu kulijibu kwa kueleza jambo ambalo halifahamiki vya kutosha: kwa nini chuo kikuu, ambacho kazi yake ni kufundisha, kinamiliki misitu, na sisi katika sharika tunaweza kujifunza nini kutokana na misitu hiyo.

Misitu mitatu ya chuo kimoja

Hapa nchini mfano mzuri ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) chenye makao yake makuu Morogoro. Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1984. Kabla ya hapo kilikuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na masomo ya shahada ya misitu yalianza pale Morogoro mwaka 1973. SUA inasimamia misitu ya mafunzo na utafiti, na mitatu kati yake inatofautiana sana.

Wa kwanza ni Olmotonyi, kwenye miteremko ya Mlima Meru karibu na Arusha. Huu ni msitu wa kupandwa wenye zaidi ya hekta 800, na una miti ya mbao kama misindano na mikaratusi. Hapa wanafunzi hujifunza kuotesha miche, kupunguza matawi, kupunguza miti, kuvuna na kupanda tena. Mbao zake huuzwa.

Wa pili ni Kitulangalo, kiasi cha kilometa 50 mashariki mwa Morogoro kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Huu ni msitu wa miombo, aina ya msitu unaofunika sehemu kubwa ya nchi yetu na ambao mkaa mwingi hutoka humo.

Wa tatu ni Mazumbai, katika milima ya Usambara Magharibi upande wa Bumbuli. Una hekta 320, yaani karibu ekari 800. Ni msitu wa asili wa mvua, na wataalamu wengi huuhesabu kuwa miongoni mwa mabaki yaliyohifadhiwa vizuri kuliko yote katika Usambara Magharibi. Hauuzi mbao wala mkaa. Kwa macho ya mtu anayetafuta mapato, unakaa bure. Ndiyo maana tutaueleza kwa kirefu zaidi.

Zawadi ya mwaka 1968

Mazumbai haukuwa mali ya Serikali. Ulikuwa sehemu ya shamba la chai la John Tanner, mkulima kutoka Uswisi. Wakati miteremko mingi ya jirani ilikuwa imekwisha kusafishwa kwa ajili ya chai na mazao mengine, yeye aliuacha msitu huu usimame. Mwaka 1968 aliutoa kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ili utumike kwa utafiti na mafunzo. SUA ilipoanzishwa, jukumu likahamia Morogoro. Nyumba aliyoijenga kwa mtindo wa kwao Uswisi imekuwa ikiwapokea wanafunzi na watafiti, wa hapa nchini na wa kutoka nje.

Ili kuelewa uzito wa zawadi ile, tukumbuke kwamba Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Misitu ya milima hii ina mimea na wanyama wengi wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Marafiki wetu wa Ujerumani wanalifahamu ua dogo la zambarau linalowekwa madirishani, ambalo kwao linaitwa kwa jina la Usambara. Lilipelekwa Ulaya na ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, na kuandikwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1893. Lakini sehemu kubwa ya misitu hiyo imekwisha kutoweka. Mti kama mkulo ulivunwa sana kwa ajili ya mbao zake. Katika Mazumbai mwanafunzi bado anaweza kusimama chini ya mkulo mkubwa na kujifunza msitu wa milimani ulivyo.

Msitu kama jiwe la mizani

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Mwenye duka asiye na jiwe la mizani hawezi kujua kama sukari anayouza ni kilo moja au pungufu. Vivyo hivyo, asiye na msitu usioguswa hawezi kujua kama shamba la miti alilopanda linahifadhi udongo na maji vizuri au vibaya. Atasema miti imeota, na ni kweli imeota. Lakini imeota ikilinganishwa na nini?

Katika miaka ya 1970 watafiti wawili kutoka Sweden, Lill na Björn Lundgren, walipima mvua katika msitu wa Mazumbai, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1979. Walitaka kujua ni mvua kiasi gani inanaswa na majani, na ni kiasi gani kinarudi hewani kama mvuke. Kanuni ya kazi kama hiyo si ngumu. Unaweka vipima mvua mahali pa wazi na vingine chini ya miti. Maji yanayoteremka kwenye shina unayakinga pia. Tofauti kati ya mvua ya mahali pa wazi na maji yaliyofika chini ndiyo mvua iliyonaswa na majani ikakaukia huko juu.

Somo hili linatuhusu moja kwa moja. Katika mikutano yetu tumezoea kusema “miti huleta maji”. Maneno hayo yanahamasisha, lakini hayatoshi. Msitu hupokea mvua, hutumia sehemu yake, na kinachobaki hukiachia polepole kupitia udongo laini uliojaa majani yaliyooza na mizizi. Kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasikimbie kwa siku moja, ili chemchemi iwe na kitu wakati wa kiangazi. Ndiyo sababu aina ya mti ina maana. Mikaratusi hukua haraka na kwa hiyo hunywa maji mengi. Ikipandwa juu ya chemchemi, inaweza kuimaliza badala ya kuilinda, hata kama taarifa ya mradi itaonyesha kwamba miche yote imepona.

Kupima mti bila kuukata

Mfano wa pili unatoka Kitulangalo. Mwaka 1994 Rogers Malimbwi wa SUA na wenzake walichapisha utafiti wa jinsi ya kukadiria ujazo na uzito wa miti ya miombo katika msitu ule. Katika kazi ya namna hii miti michache huchaguliwa, hupimwa, hukatwa na kulinganishwa na vipimo vyake ilipokuwa imesimama. Kutokana na hapo hupatikana kanuni ya hesabu. Baada ya kuwa na kanuni, mtu hahitaji tena shoka. Anapima unene wa mti kwa utepe, kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, na hesabu inamwambia mti ule una uzito gani kwa makadirio.

Faida yake imekwenda mbali. Kijiji kinachotaka kujua kivune kiasi gani bila kumaliza msitu, au kinachoambiwa habari za biashara ya hewa ukaa, kinategemea kanuni za namna hii. Bila chuo kuwa na msitu wake ambamo kinaruhusiwa kukata miti michache kwa ajili ya elimu, tungekuwa tunaazima kanuni zilizotengenezwa kwa miti ya nchi nyingine.

Faida ya kukaa muda mrefu

Chuo kikuu kina kitu kimoja ambacho miradi yetu haina, nacho ni muda. Miradi mingi tunayoisimamia ni ya miaka mitatu. Mkulo haukomai kwa miaka mitatu.

Katika misitu ya Usambara, tangu mwaka 1987 mtafiti William Newmark na wenzake wamekuwa wakinasa ndege kwa nyavu, kuwavisha pete ndogo miguuni na kuwaachia. Baada ya zaidi ya miaka 20 ikaonekana kwamba jamii nyingi za ndege zilizobaki katika vipande vidogo vya msitu zinapungua, hata pale ambapo miti imesimama na kwa macho msitu unaonekana mzima. Mradi wa miaka mitatu usingeliona jambo hilo. Nchini Uingereza, Chuo Kikuu cha Oxford kina msitu wa Wytham, ambao nao ulitolewa na mwenyewe mwaka 1942. Tangu 1947 watafiti wameandika kila mwaka tarehe ambazo ndege wadogo wa pale hutaga. Daftari hilo sasa linaonyesha kuwa wanataga mapema kwa zaidi ya wiki mbili kuliko zamani, kwa sababu majira yanabadilika. Anayeanza kuandika leo hawezi kuirudisha miaka iliyopita bila kumbukumbu.

Upande wa majirani

Tusifiche upande mgumu. Msitu usiouza mbao hauwezi kulipa walinzi wake, hivyo fedha zao lazima zitoke kwingine, na chuo kina mahitaji mengi. Jirani anayekosa kuni huuona mpaka wa msitu kila siku, lakini karatasi za watafiti haoni hata moja, tena nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Kama matokeo yanabaki maktabani Morogoro au Ulaya, jirani ana haki ya kuuliza msitu ni wa nani.

Hapa ndipo kamati za sharika zina nafasi. Sisi tuko karibu na watu, chuo kina ujuzi, na mahali pa kukutana ni papo hapo msituni. Kijana wa kipaimara au mwalimu wa shule ya msingi akitembezwa mara moja na mtu anayeijua miti, atarudi nyumbani na maelezo ambayo semina yetu ya siku mbili haiwezi kuyatoa.

Kamati ya usharika ifanye nini

Tunashauri mambo matano yasiyohitaji fedha nyingi.

1. Katika ardhi ya usharika, tengeni kipande kimoja, hata robo ekari, kisichopandwa wala kuvunwa. Hicho ndicho jiwe lenu la mizani. Andikeni uamuzi huo katika kumbukumbu za kikao ili kamati itakayofuata isiufute bila kujua sababu yake.

2. Pimeni chemchemi yenu kila mwezi, tarehe ileile. Kinga ndoo ya lita 20 na hesabu sekunde hadi ijae. Ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 1,800 kwa saa. Andikeni katika daftari moja linalotunzwa ofisini.

3. Hesabuni miti iliyo hai baada ya mwaka mmoja na tena baada ya miaka mitatu. Idadi ya miche iliyogawiwa ni habari ya kitalu, haitoi habari ya msitu.

4. Kando ya mito zingatieni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60. Pandeni pale miti ya asili, na mikaratusi ikae mbali.

5. Mnapotaka kutembelea msitu wa chuo, andikeni barua mapema mkieleza mnataka kujifunza nini. Ombeni pia kwamba watafiti wanaofanya kazi katika eneo lenu wawasomee wananchi matokeo kwa Kiswahili kabla ya kuondoka.

Neno kwa wafadhili

Mmezoea kutuuliza miche mingapi imepandwa, na tutaendelea kuwajibu. Tunaomba mtuulize pia maswali mengine: chemchemi inatoa lita ngapi mwezi Septemba, ikilinganishwa na Septemba iliyopita? Ni miti mingapi iliyo hai baada ya miaka mitatu? Na ni nani anayelitunza daftari mradi ukiisha? Kiasi kidogo cha fedha kinachotolewa kwa miaka kumi kwa ajili ya kupima na kulinda kinaweza kufaa kuliko kiasi kikubwa kinachotumika katika msimu mmoja wa kupanda.

Kwa hiyo jibu letu kwa kamati ni hili. Kipande cha msitu kisichoguswa kinafanya kazi ambayo shamba la miti haliwezi kuifanya, kwa sababu ndicho kinachotuambia kama kazi yetu nyingine inafaa. Lakini kinafanya kazi hiyo pale tu ambapo kuna mtu anayepima, anayeandika, na anayerudisha majibu kwa wenyeji. Kamati zitakazoanza kupima chemchemi zao tunaziomba zituletee nakala ya daftari pamoja na taarifa ya robo mwaka.