Harara na Joto la Kaskazi katika Nyumba za Waswahili

Harara ni vipele vidogo vinavyowasha na kuchoma, vinavyotoka shingoni, kwapani, kifuani na kiunoni jasho linapozibwa na kubaki chini ya ngozi. Katika miji ya pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, msimu wake ni kaskazi, baina ya Desemba na Machi. Februari na Machi ndiyo miezi mikali: joto la mchana hupita nyuzi 32, na hewa huwa na unyevu mwingi hata jasho halikauki. Watoto wachanga huumia kuliko wote kwa sababu vitundu vyao vya jasho havijakomaa.

Kinga ya kwanza ni nyumba yenyewe. Nyumba za kale za Lamu zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta zake nene kiasi cha nusu mita, kwa hiyo joto la adhuhuri huchelewa sana kufika ndani. Katikati kuna kiwanda, ua usioezekwa, ambamo hewa ya moto hupanda na kutoka. Vichochoro navyo ni vyembamba, jua huvimulika kwa muda mfupi tu. Nyumba za udongo zilizoezekwa makuti hazina unene huo, lakini paa lake hupitisha hewa. Bati limeleta nafuu ya kutovuja na kudumu, ila wanaolala chini yake bila dari hulipa kwa ngozi zao. Hii ni hasara ambayo wajenzi wa leo wanaihesabu mara chache mno.

Kuoga mara mbili au tatu kwa siku ni jambo la kawaida, si anasa. Katika nyumba za Lamu maji yaliwekwa kwenye birika la chooni, ndani yake vikafugwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na mwogaji akajimiminia kwa kata ya kifuu cha nazi. Mwenye harara huoga maji baridi, hapaki sabuni nyingi, wala hasugui kwa dodoki. Hukaushwa kwa kanga kuukuu, kwa kugusagusa tu. Kanga iliyofuliwa miaka mingi ni laini kuliko taulo lolote, na ndiyo hiyo hiyo anayofungiwa mtoto.

Dawa inayoaminika zaidi ni liwa, mti wenye harufu nzuri. Kipande chake husuguliwa juu ya jiwe liitwalo msio, kwa matone ya maji au marashi ya mawaridi, mpaka upatikane uji mwororo. Ni kazi ya subira. Msio mmoja huweza kutumiwa na bibi, binti na mjukuu. Uji hupakwa palipotoka vipele na kuachwa ukauke. Maji yanapokauka huondoka na joto la ngozi, na unga unaobaki hunyonya jasho. Wanawake huipaka usoni pia, kwa urembo, hivyo si ajabu kumkuta mama nyumbani alasiri uso wote umekauka liwa. Siku hizi unga wake huuzwa tayari dukani, lakini ukiwa umetiwa manukato huweza kuichoma ngozi nyepesi. Liwa inayosagwa nyumbani ni salama zaidi, kwa kuwa msagaji anajua alichotia.

Mafuta ya nazi, yanayopendwa kwa kuchua watoto, hayafai penye harara, maana mafuta mazito huziba vitundu vya jasho. Wengine hutumia poda, lakini ikirundikana kwenye mikunjo ya shingo ya mtoto hugeuka tope na kuwasha zaidi.

Usiku watu hukaa barazani wakipepea kwa pepeo la ukindu, kisha hulala juu ya mkeka au kitanda cha kamba, ambacho hupitisha hewa hata mgongoni. Wanaume hujifunga kikoi, wanawake kanga, vyote vya pamba. Vipele vikitunga usaha, au mtoto akishikwa na homa, mgonjwa hupelekwa zahanati. Vinginevyo harara hupoa yenyewe kwa siku chache, na masika yakianza huadimika.