Hali na Upatanisho wa Vitenzi-sifa vya Kigiriki cha Kale: Tatizo la Mwanafunzi Anayeanza

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza Kigiriki cha Kale hukabiliwa na wingi wa maumbo ya kitenzi. Lililo gumu zaidi ni lile linaloitwa hapa kitenzi-sifa: umbo lenye kauli na hali kama kitenzi, lakini linalopatana na nomino kwa jinsi, idadi na uhusika kama kivumishi. Makala haya yanaeleza kwamba chanzo kikuu cha makosa si wingi wa maumbo hayo, bali ni mazoea ya kuyafasiri kana kwamba yanataja wakati.

2.0 Hali, si Wakati

Miongoni mwa vitenzi-sifa vya graphō, ‘ninaandika’, ni graphōn ‘akiandika’, grapsas ‘akiisha kuandika’ na gegraphōs ‘akiwa ameandika’. Katika wakati uliopita kitenzi hiki huchukua kiambishi awali e-: egrapsa ‘niliandika’. Kiambishi hicho hakimo katika grapsas, kwa kuwa aoristi ya kitenzi-sifa haitaji wakati uliopita. Huonyesha tendo likitazamwa kwa ukamilifu wake. Ni kweli kwamba mara nyingi tendo hilo hutangulia lile la kitenzi kikuu, lakini si lazima. Katika Injili, usemi apokritheis eipen huunganisha kitenzi-sifa cha aoristi cha ‘kujibu’ na kitenzi kikuu ‘alisema’. Anayeshikilia kanuni ya kutangulia atadhani kwamba mhusika alimaliza kujibu, kisha akaanza kusema. Ilhali kujibu ndiko kusema kwenyewe.

3.0 Upatanisho

Mzungumzaji wa Kiswahili si mgeni katika upatanisho wa kisarufi, wala katika tofauti kati ya -ki- na -me-. Hata hivyo, nomino za Kiswahili hazibadiliki kwa uhusika. Linganisha:

(a) graphōn eidon ton didaskalon
‘nikiandika, nilimwona mwalimu’

(b) eidon ton didaskalon graphonta
‘nilimwona mwalimu akiandika’

Kinachomtambulisha mwandikaji katika Kigiriki si mpangilio wa maneno, bali ni mwisho wa kitenzi-sifa: -ōn au -onta. Katika Kiswahili kazi hiyo hufanywa na viambishi vya nafsi ni- na a-.

4.0 Hitimisho

Hivyo basi, yafaa mwanafunzi atambue kwanza shina, linaloonyesha hali. Pili, mwisho wa neno, unaoonyesha nomino inayohusika. Na wakati autafute katika kitenzi kikuu. Akikariri majedwali bila utaratibu huu, atayajua maumbo na kuikosa maana.