Kikundi kidogo kanisani kinamsaidiaje anayeacha pombe?

Kuacha gongo kwa siku moja wengi wanaweza. Kazi iko kesho yake, pesa ya mavuno ikiwa mfukoni na marafiki wakikuita kilabuni. Hapo ndipo kikundi kidogo kinapohitajika.

Njia hii ilianzaje?

Mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, Bill Wilson alikutana na daktari Bob Smith. Wote wawili walikuwa wamesumbuliwa na ulevi, na wote walikuwa wamepita katika kundi la Kikristo lililoitwa Oxford Group. Waliona kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake, wote hupata nguvu. Ndipo ikazaliwa Alcoholics Anonymous yenye hatua 12. Mwaka 1991, John Baker, aliyewahi kuwa mlevi, alianzisha Celebrate Recovery katika kanisa la Saddleback, California. Humo hatua hizo ziliunganishwa na mafundisho ya Heri katika Mathayo sura ya 5.

Wanakutana vipi?

Hukutana kila wiki, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Kila mmoja hueleza mambo yake mwenyewe kwa dakika chache. Hakuna anayemkatiza wala kumhubiria mwenzake. Yanayosemwa humo hayatoki nje. Kwetu vijijini, ambako habari hufika sokoni kabla ya mwenyewe, sharti hili ndilo roho ya kikundi. Siri ikivuja, watu hawarudi.

Akiteleza je?

Hafukuzwi. Anarudi, anasema kweli, anaanza kuhesabu siku upya. Tena anakuwa na mwenzake wa kumpigia simu hamu inapomjia, kabla hajafika kilabuni.

Tahadhari

Maombi hayachukui nafasi ya matibabu. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege, hata kufa. Apelekwe kwanza kituo cha afya. Na anayetumia methadoni ili aachane na heroini asiambiwe aiache kwa sababu ameokoka. Hilo aamue na daktari wake.

Kama kanisani kwenu hakuna kikundi, watu watatu wanatosha kuanza. Chagueni siku, chagueni mahali pasipopitwa na watu, kisha ahidianeni kutunza siri. Jirani yako anayejificha na chupa huenda anasubiri mlango kama huo tu.