Kadi ya Picha ya Kompyuta: Maswali Matano Kabla ya Kutoa Fedha

Wazee wetu na vijana wetu,

Mwezi huu twapenda kusema juu ya jambo ambalo wazee wengi hulisikia likitajwa majumbani mwao wasijue ni nini, na vijana wengi hulitaka kwa nguvu pasina kulijua sawasawa. Jambo lenyewe ni kununua kadi ya picha kwa ajili ya kompyuta ya kuchezea michezo. Huenda mtu akastaajabu akasema: “Hili nalo ni la kuandikwa?” Jawabu letu ni kwamba fedha ya nyumba ni moja. Ikitoka kwa mchele ni ile, ikitoka kwa chombo cha kijana ni ile ile, na ikipotea huipotea nyumba nzima.

Lililotusukuma kushika kalamu ni khabari ya kijana mmoja wa mtaani kwetu. Kijana huyu alikuwa na kompyuta ya mtumba, katika zile ndogo zilizotumika maofisini Ulaya kisha zikaletwa kuuzwa huku kwetu. Aliweka akiba miezi kumi, na mama yake akamwongezea fedha za upatu ilipofika zamu yake. Akanunua kadi kubwa yenye feni mbili, akaja nayo nyumbani baada ya magharibi, furaha imemjaa usoni. Alipofungua kasha la kompyuta akaona kadi haiingii, imezidi nafasi kwa urefu na kwa kimo. Tena kadi ile yataka waya wa umeme wenye pini 8, na ndani ya kompyuta hakuna waya huo. Alipomrudia muuzaji akaambiwa kuwa mali ikishauzwa hairudishwi.

Basi kadi ikawekwa kabatini. Baba akawa hataki kulisikia neno kompyuta, mama akanyamaza, na kijana akawa hakai tena na wenziwe wakati wa chakula cha usiku. Na ajabu ni kuwa hakuibiwa na mtu. Kadi ilikuwa nzima, na bei ilikuwa ya haki. Kilichomponza ni kununua kabla ya kuuliza, na wahenga wamesema kuuliza si ujinga.

KADI HII NI KITU GANI?

Kila picha tuionayo katika skrini imefanywa kwa nukta ndogo ndogo za rangi ziitwazo pikseli. Skrini ya kawaida ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, na ukizidisha utapata zaidi ya milioni 2. Mchezo ili uende laini, yafaa picha yote ichorwe upya mara 60 katika kila sekunde moja. Maana yake ni kuwa nukta zaidi ya milioni 120 lazima zipewe rangi zake kila sekunde.

Prosesa ya kompyuta ni hodari, lakini kazi hii si yake. Mfano wake ni kama fundi mmoja bingwa wa kudarizi kofia. Mpe kofia ngumu ataimaliza kwa ustadi, lakini ukitaka matundu elfu yatiwe uzi kwa mara moja, ubingwa wake hautakufaa. Wahitaji mikono elfu. Kadi ya picha ndiyo hiyo mikono elfu. Ndani yake mna vitenda kazi vidogo vidogo kwa maelfu, kila kimoja chafanya hesabu nyepesi, na vyote vyafanya pamoja.

Wenye kuunda bongo za kadi hizi kwa ajili ya michezo, wanaojulikana zaidi madukani, ni watatu. Wa kwanza ni NVIDIA ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1993, na mwaka 1999 ikatoa GeForce 256 ambayo ndiyo iliyolieneza jina la GPU. Wa pili ni AMD, ambayo mwaka 2006 iliinunua ATI ya Kanada, na kadi zake zaitwa Radeon. Wa tatu ni Intel, iliyorudi katika uwanja huu mwaka 2022 kwa kadi za Arc. Majina mengine yaliyoandikwa juu ya maboksi, kama ASUS, MSI na Gigabyte, ni ya wale wanaoichukua bongo hiyo wakaitilia feni na ubao wake. Kwa hiyo kadi mbili za majina mbali mbali ya boksi zaweza kuwa na bongo moja.

SWALI LA KWANZA: SKRINI GANI NA MCHEZO GANI?

Anza na skrini uliyo nayo. Tumekwisha sema skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta milioni 2 na kidogo. Ile ya 2560 kwa 1440 ina karibu milioni 3.7. Ile kubwa ya 3840 kwa 2160 ina karibu milioni 8.3, yaani mara nne ya ile ya kwanza, na kazi ya kadi huongezeka vivyo hivyo. Mwenye skrini ya kawaida akinunua kadi ya skrini kubwa ni kama mtu aliyenunua jahazi kwa kuvukia kijito. Tena skrini nyingi za kawaida huonyesha picha 60 tu kwa sekunde. Kadi ikichora 150, skrini haionyeshi zaidi ya zile 60 zake.

Kisha tazama mchezo. Mchezo kama Valorant waenda vizuri hata katika mashine dhaifu, lakini Cyberpunk 2077 yachosha hata kadi za fedha nyingi. Kijana na aandike michezo mitatu anayoicheza kweli, asiandike ile anayosikia ikisifiwa na wenzake.

SWALI LA PILI: UMEME WATOSHA?

Hapa ndipo alipokwama kijana wetu. Sloti ya madabodi inapochomekwa kadi hutoa wati 75 basi. Kadi inayotaka zaidi lazima iletewe waya kutoka katika pawa saplai, na waya mmoja wa pini 8 umekadiriwa kuongeza wati 150.

Sasa linganisheni. RTX 3060 ya mwaka 2021 yala wati 170, na NVIDIA yenyewe yashauri pawa saplai ya wati 550. RX 6600 ya AMD ya mwaka huo huo yala 132. RTX 4060 ya mwaka 2023 yala 115. Lakini RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka mwaka 2024, yala 70 tu, kwa hiyo yatosheka na sloti bila ya waya wowote. Kompyuta nyingi za ofisini zina pawa saplai ndogo, tena mara nyingi umbo lake na vichwa vya waya zake ni vya kampuni ile ile iliyoiunda, hata ukinunua nyingine dukani haikai. Wako wanaouza viungio vya bei ndogo vya kugeuza waya wa diski uwe waya wa kadi. Hivyo tujiepushe navyo, kwani waya ule haukuundwa kubeba mzigo huo, na ukizidiwa huyeyuka na kuungua.

Na baba mwenye kulipa umeme asisahau mita. Tofauti ya wati 170 na wati 115 ni wati 55. Kijana akicheza saa 4 kila siku, kwa mwezi hiyo ni uniti 6 na nusu hivi. Si nyingi, lakini ni za kila mwezi.

SWALI LA TATU: NAFASI IPO?

Chukua rula upime ndani ya kasha, tangu nyuma inapofungwa kadi mpaka kizuizi cha mbele. Kisha tazama vipimo vya kadi, ambavyo kila kampuni huviandika. Kasha dogo la ofisini halipokei kadi ya kimo kamili, bali lataka kadi ya nusu kimo yenye bamba fupi la kufungia. Kazi hii ni ya dakika tano wala haina gharama.

SWALI LA NNE: KUMBUKUMBU YA KADI NI KIASI GANI?

Kadi ina kumbukumbu yake yenyewe, mbali na ya kompyuta, na humo ndimo zinamowekwa picha za kuta, nguo na nyuso za mchezo. Ikijaa, mchezo huanza kukwama kwama hata kama kadi ni ya mbio. Gigabaiti 8 zatosha michezo mingi kwa skrini ya kawaida, lakini michezo mizito ya siku hizi imeanza kuziona haba. Ndiyo maana wako wanaoipenda RTX 3060 yenye gigabaiti 12, ijapokuwa RTX 4060 yenye 8 huishinda kwa mbio katika michezo mingi. Arc B580 ya Intel, iliyotoka Desemba 2024 kwa dola 249 za Marekani, nayo ina 12.

Lakini jihadharini na jina moja lenye mali mbili. RTX 3060 iko ya gigabaiti 12, na iko nyingine ya 8 iliyo dhaifu zaidi. RTX 5060 Ti ya mwaka 2025 iko ya 8 na iko ya 16, na RX 9060 XT vile vile. Muuzaji akitaja jina peke yake hajakwambia kitu. Mwulize gigabaiti, kisha usome mwenyewe juu ya boksi.

SWALI LA TANO: KOMPYUTA YENYEWE YAIWEZA?

Kadi hungojea amri za prosesa. Prosesa ikiwa mzee, kadi mpya hukaa ikingoja, na fedha iliyozidi haionekani katika skrini. Kadi za Arc khasa zataka madabodi yenye uwezo uitwao Resizable BAR, ambao kompyuta nyingi za zamani hazina. Mapema mwaka 2025 wapimaji walionyesha kuwa B580 hupungukiwa sana inapotiwa katika kompyuta ya prosesa dhaifu. Kwa hiyo kadi iliyo bora katika nyumba ya jirani huenda isiwe bora katika nyumba yako.

MALI YA MTUMBA

Wengi wetu hununua kilichokwisha tumika, na si aibu. Lakini ijulikane mali hiyo yatoka wapi. Katika miaka ya 2020 na 2021 kadi zilikuwa adimu na bei zikapanda mno, na mojawapo ya sababu ni watu waliozifungia mchana na usiku kuchimba sarafu za mtandao. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha njia ile ya kuchimbwa kwa kadi, na kadi nyingi zilizochoka zikamwagwa sokoni. Si zote mbovu. Ila usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia: iombe iwashwe mbele yako, ichezeshwe mchezo mzito kwa nusu saa, usikilize feni, utazame kama picha yatoa madoa au mashine yajizima.

Wako pia madhalimu wanaochukua kadi kongwe, wakaifuta programu yake ya ndani na kuitia jina la kadi mpya, hata Windows ikadanganyika. Iko programu ya bure iitwayo GPU-Z inayoweza kuzifichua nyingi katika hizo, ikaandika wazi kuwa ni bandia. Kijana na aende nayo katika kijaluba cha USB. Na kama kadi yaletwa na jamaa kutoka Dubai au penginepo, uliza dhamana yake yafanya kazi nchi gani, kwani dhamana ya mbali mara nyingi ni karatasi tu.

TULIVYOMALIZA

Twarudi kwa kijana wetu. Tulikaa barazani na baba yake, na fundi mmoja mwaminifu akawapo, tukayapitia maswali haya moja moja. Ikaonekana hapana njia ila kuiuza kadi ile kwa khasara na kutafuta ndogo isiyotaka waya. Ikauzwa, khasara ikaonekana, na fedha iliyobaki ikatosha RTX 3050 ya gigabaiti 6 ya nusu kimo. Safari hii baba alikwenda dukani pamoja naye, na aliyeuliza juu ya wati alikuwa ni baba. Fedha ya mama iliyopotea kijana aliahidi kuirudisha kidogo kidogo, na ahadi ikaandikwa katika daftari, kwani mali bila daftari hupotea bila khabari. Usiku ule alikula na wenziwe.

Enyi vijana, msimwendee mzazi na jina la kadi peke yake. Mwendeeni na karatasi yenye majawabu matano: skrini, umeme, nafasi, kumbukumbu na kompyuta yenyewe. Na nyinyi wazee, msikatae kwa kuwa hamjui, wala msitoe fedha kwa kuwa mmechoka kuombwa. Maswali matano haya hayataki elimu ya kompyuta. Yataka mtu wa kuuliza na mtu wa kujibu, na wote wawili wamo nyumbani.

Wassalaam.